Mwalimu wa Sumu

Neno lenyewe Odile alilisikia uani, akiwa ameinamia sufuria za watu waliokuja kumlilia baba mkwe wake. Mama Mianda, dada wa marehemu, alikuwa mkekani na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha, na wala hakujisumbua kunong'ona.

"Kaka yangu anatoka kwetu muzima," alisema. "Anakuya ku Kolwezi kuona batoto yake. Anakula bukari mu nyumba ya mwalimu wa sumu, tumbo inavimba, anakufa. Mi sisemi kitu, bamama. Mi nauliza tu."

Wanawake wakaguna. Odile akaendelea kukwangua sufuria ambayo ilikwisha kuwa safi. Mwalimu wa sumu alikuwa mumewe, Sajini Kisimba. Na bukari, ule ugali wa mwisho alioula mzee, ulisongwa na mikono hii hii iliyokuwa ikikwangua sufuria. Kwa hiyo swali la Mama Mianda lilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalilala kitanda kimoja.

Daktari alikwisha kusema kwamba utumbo wa mzee ulijisokota, na kwamba angeletwa mapema angepasuliwa akapona. Lakini daktari hakuja kukaa mkekani. Aliyekaa mkekani ni Mama Mianda, na tangu aliposhuka kwenye lori mdomo wake haukupumzika.

Kosa, ukitaka kulitafuta, alilifanya Kisimba mwenyewe kwa majivuno ya likizo. Kikosi chake kilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna mtu kambini aliyelimaliza. Watu walikiita Gazi, yaani gesi, basi. Kiliundwa baada ya vita vya pili vya Shaba, wakati kuta za Kolwezi zilikuwa bado na matundu ya risasi na kila mtu alidai kusikia kwamba adui atarudi na moshi wa kuua. Wakaja wakufunzi wa kigeni na masanduku ya maski za mpira, wakajenga nyuma ya kambi kibanda cha saruji kisicho na dirisha, wakafundisha, wakapiga picha, wakaenda zao. Maski zilibaki, kibanda kikabaki, na Kisimba akabaki kuwa mwalimu. Aliwafundisha askari kuvaa maski upesi, kuoga na kufua baada ya gesi, na kuingia katika kile kibanda chenye moshi wa machozi bila kushikwa na kichaa. Alipokwenda kwao, kaskazini, wazee walimuuliza anafanya kazi gani jeshini. Angeweza kusema anafundisha watu kujikinga. Akaona hilo ni neno la woga. Akasema, "Nafundisha mambo ya sumu." Wazee wakatikisa vichwa, wakanywa pombe aliyowanunulia, na neno likabaki kijijini likimngoja.

Sasa lilikuwa limepanda lori, limefika mpaka Dilala, mtaa wao wa Kolwezi, limekaa uani kwake.

Jioni baada ya mazishi, Tata Mukalay, mdogo wa marehemu na sasa mkubwa wa ukoo, aliwaita watoto wa kiume wa marehemu mbele ya watu wote. Walikuwa Kisimba na Numbi. Numbi alikuwa kitindamimba, kijana mwenye mabega mapana na akili za kucheka ovyo, aliyeingia jeshini kwa kubebwa na kaka yake na sasa alikuwa kuruta, au recrue kama walivyosema kambini, katika Gazi hiyo hiyo.

"Mupaka siku mi mwenyewe nitaondoa kilio," alisema Tata Mukalay, "hakuna mutoto wa marehemu atagusa ndevu ao nywele. Nitabanyoa mi, na mukono yangu, mukubwa mbele, mudogo nyuma. Munasikia?"

"Tunasikia, tata."

"Ule atajinyoa mbele ya ile siku, tutajua alikuwa na haraka ya nini." Akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakamfikia Odile, aliyesimama mlangoni. "Na batoto ya ukoo hatubaachi mu nyumba ya namna ile. Tutabapeleka kwetu. Mama yabo atarudia kwabo."

Odile akamvuta Valérie karibu na paja lake. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele, na alikuwa na tabia ya kuulizia jino lake kila asubuhi kana kwamba limekwenda safari. Hakuna aliyemtaja Odile kwa jina, lakini hakuna ambaye hakuelewa.

Desturi ile haikuwa ngeni. Kwao Kisimba mfiwa huonekana kwa ndevu zake, na anayeziondoa ni mkubwa wake. Tatizo ni kwamba Gazi nayo ilikuwa na desturi yake, na wake wa askari waliokuwa wakianika nguo nyuma ya kambi waliijua kwa moyo, maana kila asubuhi sauti ya Kisimba iliruka ukuta.

"Ndevu ni nini?"

"Ndevu ni mulango!" makuruta walijibu.

"Mulango tunaufanya nini?"

"Tunafunga!"

Maski ya mpira hushika kwenye ngozi tupu. Nywele zikiota kidevuni na mashavuni, mpira haushiki, na gesi inapita kama mtu aliyekaribishwa. Kabla hajamruhusu askari yeyote kuingia kibandani, Kisimba alimpapasa kidevu kwa mgongo wa mkono, na aliyemkwaruza alirudishwa nyumbani huku wenzake wakimcheka. Sasa mwalimu mwenyewe alikuwa na mlango wazi usoni, na kila kukicha ulizidi kupanuka.

Meja, mkuu wa kikosi, alikuja kutoa pole akiwa na miwani myeusi. Alipewa kiti, akakiangalia, akabaki amesimama. Alikuwa mtu wa mbali, aliyepelekwa Shaba bila kuulizwa, naye alihakikisha kwamba Shaba inajua hivyo.

"Sajini," alisema, kwa sauti ya kufika mikeka yote, "hii ndevu ni ya marehemu ao ni ya jeshi?"

Watu wakacheka. Ndiyo, msibani. Hata Tata Mukalay alicheka, kwa sababu aliyefanya mzaha alikuwa na nyota begani. Kisimba alisimama wima, viatu vimekutana, na Odile aliona namna masikio yake yalivyobadilika rangi.

"Ni ya kilio, shefu. Naomba ruhusa. Ile maonyesho ya kibanda, caporal Kalala anaweza kuiongoza."

"Kalala anajua nini? Bageni banatoka Kinshasa. Siku ya ine banakuya kuona kama hii kikosi iko na faida ao tuifunge. Ikifungwa, we utalala wapi? Hii nyumba ni ya kikosi. Unyoe, usinyoe, ni problème yako. Utaingia mbele, barecrues nyuma yako." Akamgeukia Odile. "Na madame atacheza na babibi ya basolda bengine."

"Shefu, tuko mu kilio," Kisimba alisema.

"Basi atabeba masahani."

Akaondoka. Mama Mianda akamsindikiza kwa macho, kisha akasema kwamba yule bwana ana adabu, amekuja mwenyewe kwa miguu yake.

Jioni ya kuamkia maonyesho, wageni wa msiba wakiwa wanakula, Kisimba aliingia jikoni na kurudisha mlango. Alikaa kwenye debe la maji lililopinduliwa, akawa anajikuna shavu.

"Kesho asubui nitanyoa," alisema. "Na Numbi atanyoa."

Odile aliacha mwiko ndani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. "Na Tata Mukalay?"

"Aseme bile anataka."

"Atasema ni we uliua tata yako. Ao ni mi. Mi njo nilipika, Kisimba. Atabeba Vale."

"Mama Vale, mi njo mwalimu. Kila siku nabaambia ndevu ni mulango. Niingie mule na mulango wazi? Barecrues banaangalia?"

"Ni machozi tu," alisema Odile. "Unaingiaka mule, unatoka na macho nyekundu, unanawa, unakula. Utalia kidogo. Si tuko mu kilio? Nani atajua unalia juu ya nini?"

Kisimba akacheka, cheko fupi la puani. Alikuwa mtu mwepesi kuchekeshwa na mkewe, na hiyo ilikuwa moja ya sababu zilizomfanya Odile amvumilie kwa mambo mengine. Lakini alipoinuka alisema tena, polepole, "Nitanyoa." Odile alimjua. Neno alilolisema mara mbili alikuwa halirudii mara ya tatu, alikuwa analitenda.

Kulipokucha Kisimba alikwenda bombani na ndoo. Wembe ulikuwa mahali pake, juu ya dirisha, kando ya kioo kilichovunjika pembe. Nyumbani haukuwepo mwingine. Odile aliuchukua, akaufunga katika pindo la liputa yake, kitenge alichojifunga, akalichomeka pindo kiunoni. Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa na woga, na woga wake ulikuwa umelala chumbani, mdomo wazi, ukionyesha pengo la meno ya mbele.

"Mama Vale, lamu iko wapi?"

"Haiko pale?"

"Haiko."

"Basi sijui. Labda bageni."

Kisimba alisimama na uso wake uliolowa, maji yakimdondoka kwenye ndevu. Akamtazama mkewe machoni, kisha kiunoni, palipokuwa na fundo. Angeweza kunyoosha mkono na kulifungua. Hakuwa mtu wa kumvua mkewe kwa nguvu. Angeweza kwenda kuazima wembe kwa jirani. Lakini Tata Mukalay alikwisha kuweka kiti chake mlangoni, naye alihesabu kila aliyetoka na alichobeba.

Numbi alichungulia kutoka nyuma, akamwita kaka yake kwa neno la heshima. "Yaya, lamu?"

"Lamu imepotea," Kisimba alisema. "Leta vazilini. Tutapaka mingi."

"Vazilini inafunga mulango?"

"Inaurudisha kidogo."

Wakapakana kama watoto wanaojiandaa kwenda kanisani, kaka akimpaka mdogo wake chini ya taya, mdogo akicheka kwa kutekenywa. Odile aliwaangalia na kujiambia kwamba ni machozi tu. Jioni watarudi na macho mekundu, atawapa maji, na wembe utaonekana chini ya mkeka.

Wageni wa Kinshasa walikaa chini ya turubai, wamevaa abakosti, zile suti zisizo na tai, za kukatwa vizuri, vinywaji mbele yao. Wake wa askari walicheza wakiwa wamejifunga liputa zenye uso wa Rais, wakiimba kwa bidii ya watu wanaotazamwa. Odile, kitambaa cheusi kichwani, alipita na sinia la samaki na mkate. Mgeni mmoja alichukua kipande bila kumtazama, na kwa kuwa hakukuwa na kitambaa, akapangusa vidole kwenye pindo la liputa ya Odile.

Akiwa ameinama hivyo ndipo ilipomfikia ile harufu.

Odile alikuwa amefua sare za Kisimba kwa miaka. Gesi ya machozi aliijua kuliko wengi waliovaa nyota: ilikuwa inanukia pilipili iliyochacha, na ilimwasha mikono mpaka kwenye viwiko. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa harufu ya kiberiti kinapowashwa, ile ya mara moja puani, isipokuwa haikuisha. Iliongezeka. Ikamshika kooni, akakohoa juu ya samaki wa serikali.

Akaweka sinia chini, akamwendea Kaporali Kalala, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chuma wa kibanda, mkono juu ya komeo.

"Kalala, mule munachoma nini?"

Kalala hakumtazama. "Salfa, mama. Ile unga ya manjano. Mabomu ya machozi yalimalizika ku mutaa ya Manika, siku ya kusambaza banafunzi. Meja alipata kiroba ku dereva moja."

"Na Kisimba alikubali?"

"Alikatala. Alisema hii si ya mazoezi, hii inachoma mapafu. Njo Meja akamuambia: sawa, bakia inje, Numbi na benzake bataingia bila mwalimu." Kalala akakaza mkono juu ya komeo. "Akaingia."

Kutoka ndani mlango ukagongwa. Ukagongwa tena, kwa nguvu, kwa ngumi nyingi. Chini ya turubai wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi.

"Fungua," alisema Odile.

"Meja hajaleta alama."

"Kalala, fungua!"

"Madame!" Meja aliita kutoka mbali, kwa tabasamu la kuwaonyesha wageni. "Masahani!"

Odile alilikamata komeo mwenyewe. Kalala akamshika mkono, akamwachia, akamshika tena, kisha akalia, mtu mzima na sare yake, akalivuta lile komeo. Mlango ukafunguka. Makuruta wakamwagika nje, wengine wametapika ndani ya maski, wengine wakitambaa. Moshi ukawafuata, na turubai lote likainuka kwa kikohozi na viti kuanguka.

Wa mwisho hawakutoka. Walikuwa ndani kidogo ya kizingiti. Numbi alikuwa chali, amerusha miguu. Kisimba alikuwa amemlalia, na mikono yake miwili ilikuwa imeikandamiza maski ya Numbi usoni, vidole vikiwa vimezunguka taya pale pale walipopakana vazilini asubuhi. Maski yake mwenyewe ilikuwa imepinda, imebaki kuning'inia sikioni. Hakuwa na mkono wa tatu wa kuishika.

Hospitalini walimlaza kwenye chumba cha wanaume, karibu na dirisha. Sauti ilikuwa imekwenda. Alipovuta pumzi kulisikika kitu kama maji yanayochemka ndani ya birika, na povu la rangi ya waridi lilimtoka pembeni mwa mdomo. Numbi alikuwa kitanda cha pili, anakohoa, lakini anakohoa kwa nguvu, na hilo lilikuwa jambo jema.

Muuguzi, mama mmoja aliyeitwa Fidélie, alileta mtungi wa hewa na kikombe cha plastiki cha kuvalisha mdomoni na puani. Akakibandika na plasta. Plasta ikabanduka. Akabandika nyingine, akaweka sikio, akasonya.

"Hewa inatokea pembeni," alisema. "Hii ndevu, na hii mafuta. Inafaa anyolewe sasa hivi. Mama, muko na lamu? Ya hapa ziliisha."

Odile alifungua fundo la liputa yake.

Kisimba alikuwa anamtazama. Aliuona wembe ukitoka kiunoni, ule ule wa juu ya dirisha, na Odile alijua kwamba ameuona. "Ni mi," alisema. Kisimba akafumba macho, kisha akainua kidevu, kama anavyofanya mtu kwa kinyozi anayemwamini.

Akamnyoa. Alianza na shavu la kushoto, kwa maji ya sabuni ndani ya kikombe cha chai. Alijichukia kwa kila mstari wa ngozi uliojitokeza. Chini ya ndevu palikuwa na uso alioufahamu, uso wa kijana aliyekuja kwao na kofia mkononi. Muuguzi Fidélie akabandika plasta, safari hii ikashika, na kile kikombe kikaanza kuingia ukungu na kutoka ukungu.

Hapo ndipo Tata Mukalay na Mama Mianda walipoingia.

Mama Mianda alishika kichwa kwa mikono miwili. "Amenyolewa! Kaka yangu hajapoa mu udongo, na ule amenyolewa!"

"Nani alimunyoa?" aliuliza Tata Mukalay.

Muuguzi alimtazama Odile. Numbi, kutoka kitanda cha pili, alimtazama Odile. Wembe ulikuwa kwenye kiganja chake, umefunikwa na vidole. Ilikuwa ni sentensi moja tu: mi njo nilimunyoa, na mi njo nilimukatalia asinyoe wakati ingemuponya. Akafungua mdomo. Akamwona Valérie nyuma ya gauni la Mama Mianda, ameshikwa mkono na bibi huyo, anaulizia kwa nini tata amevaa kikombe. Odile akafunga mdomo.

"Sasa tunajua," alisema Tata Mukalay. "Sumu imemurudilia mwenyewe."

Kisimba aliyasikia yote. Alikufa kesho yake kabla ya chakula cha mchana, uso wake safi, na jina lake halikuwa safi.

Mikeka haikuwahi hata kukunjwa. Watu wale wale waliomlilia baba wakakaa pale pale wakamlilia mwana, sombe ile ile ikachemka, na maneno yale yale yakaongezwa chumvi. Meja alikuja tena na miwani yake. Safari hii alikubali kiti. Alisema kwamba marehemu alikuwa solda wa kweli, na kwamba wageni waliandika mambo mazuri, kikosi hakitafungwa.

"Lakini kikosi haiwezi kukaa bila mwalimu," aliendelea, akamtafuta Numbi kwa macho. "We unajua kazi ya kaka yako. Siku ya kwanza ya juma utaanza. Tutaingiza barecrues bapya. Salfa ilibakia."

Numbi alikuwa amekaa chini ukutani, anakohoa ndani ya ngumi. Ndevu zake zilikuwa zimejaa sasa, nyeusi, za kijana. "Ndiyo, shefu," alisema, kwa sababu hakuna neno jingine alilofundishwa kumwambia Meja. Akili zake za kucheka ovyo zilikuwa zimekwenda na kaka yake.

Meja alipoondoka, Tata Mukalay alisimama katikati ya ua. "Numbi, we umebakia peke. Kilio ya tata yako haijaondolewa, na ya kaka yako imeanza. Hautagusa ile ndevu mupaka mi nitakuambia. Kaka yako alinyolewa, na wote munaona mahali eko."

"Ndiyo, tata," alisema Numbi. Akajikunyata. Alikuwa amekwisha kukubaliana na wote wawili, na mtu aliyesimama kando angeona wazi kwamba amekubali kufa.

Odile alikuwa mahali pa mjane, kwenye kona ya mkeka, nywele wazi, hakuna aliyemsemesha. Mama Mianda alikuwa amemweka Valérie mapajani na kumsuka, na mzigo mdogo wa nguo za mtoto ulikuwa tayari umefungwa kando yao. Lori la kwenda kaskazini lilikuwa linapakia sokoni. Hakuna aliyemwuliza Odile. Wala hakutegemea kuulizwa. Bado angeweza kuomba. Angeweza kupiga magoti mbele ya Tata Mukalay, amwambie kwamba yote ni ya Kisimba, kwamba yeye hajui kitu, na labda wangemwachia mtoto. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu asubuhi.

Akainuka. Mjane hainuki kabla hajainuliwa. Akachukua kikombe cha maji na kipande cha sabuni kutoka kwenye karo, akaenda ukutani, akapiga magoti mbele ya Numbi.

"Shemeji. Ndevu ni nini?"

Numbi akamtazama kama mtu aliyeitwa kutoka usingizini. "Yaya, hapana."

"Nakuuliza. Ndevu ni nini?"

Midomo yake ilicheza. "Ndevu ni mulango," alisema, kwa sauti ndogo.

"Mulango tunaufanya nini?"

"Odile!" Tata Mukalay alinguruma. "Ule mutoto akinyolewa—"

"Akinyolewa munasema ni yeye njo aliua? Basi munisikilize." Alisema bila kugeuka, huku akifungua fundo la liputa. "Ile bukari nilipika mi. Kisimba alitaka kunyoa, mi nikaficha lamu. Ilikuwa hapa, mu kiuno yangu, siku yote alikuwa anakufa. Ku hospitali nilimunyoa mi, mukauliza, nikanyamaza. Munatafuta mwenye sumu? Niko hapa. Mumuache huyu mutoto."

Ilikuwa kana kwamba ameimwaga ile sufuria nzima ya sombe miguuni mwao. Mwanamke mmoja akalia. Mama Mianda, aliyekuwa ameuliza swali hilo tangu mwanzo, alionekana kwa kitambo kama mtu asiyelitaka jibu. Kisha akakaza mdomo, akamsimamisha Valérie, kichwa kimesukwa nusu, akachukua ule mzigo.

"Umesema mwenyewe," Tata Mukalay alisema. "Batu bote bamesikia."

Odile alikuwa amekwisha kulipaka povu shavu la Numbi. Akalishika taya lake kwa mkono wa kushoto, pale pale vilipokuwa vidole vya Kisimba, akaanza kunyoa. Nyuma yake alisikia ndala za Mama Mianda zikivuka ua, na ndala nyingine ndogo zikikokotwa pembeni yake. Alisikia lango la bati likifunguliwa.

"Mama?" aliita Valérie. "Mama, tunaenda wapi?"

Numbi akashtuka, akataka kuinuka. Machozi yalikuwa yanamtoka na kuingia ndani ya povu. Wembe ulikuwa kooni mwake. Odile hakugeuza kichwa; angegeuza, mkono ungeteleza.

"Usitingizike, shemeji," alisema. "Inabakia upande moja."